Wifi, Korongo na Kisiwa Kilichong'oka

Kisiwa kiling'oka kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.

Mwanzo walidhani ni upepo tu unaotikisa mafunjo. Kisha Mwalimu Breki, aliyekuwa akichungulia kwenye tundu la kibanda, akasema kwa sauti kavu ya mtu aliyezoea kukaa kando ya madereva wabaya:

"Wifi, ule mti unaondoka."

"Miti haiondoki," Mama Brashi akajibu bila kuinua macho. Alikuwa katikati ya jicho la korongo, na mchoraji akiwa katikati ya jicho haulizwi habari za miti.

"Basi tunaoondoka ni sisi."

Mama Brashi akaweka brashi chini, akachungulia. Mti mkavu wa ufukweni, uliokuwa mbele yao tangu asubuhi, ulikuwa umehamia kushoto kabisa. Kati yake na wao palikuwa na maji. Mengi, ya kijivu, yenye povu.

Kando ya ziwa lile mafunjo hayakuota ardhini. Mizizi yake ilifumana juu ya maji ikawa godoro nene la matope na majani, na juu ya godoro hilo mtu aliweza kutembea, ndege akataga, hata kiboko akajilaza. Lakini godoro halikushikwa na kitu isipokuwa magodoro wenzake. Dhoruba ikilipata pembeni, hulikata na kulipeleka inakotaka yenyewe.

Sasa ilikuwa imelikata. Mvua ikashuka yote kwa mpigo, kisiwa kikainama upande mmoja, kikainuka, kikainama tena. Mwalimu Breki akatoka nje mbio kuufuata mtumbwi waliokuja nao. Alifika ukingoni akakuta kishungi cha mafunjo walichoufungia kimekatika, na mtumbwi unakwenda zake huku ukiyumba kama mlevi anayerudi nyumbani. Akataka kujitosa. Guu la kushoto likazama hadi pajani, na tete lililovunjika likamchoma kwenye muundi.

Mama Brashi alimvuta kwa kwapa, wote wawili wakaangukia matakoni ndani ya matope.

"Kasia liko mle," Mwalimu Breki akasema akihema.

"Najua."

"Na maboya ya kuvaa."

"Najua, wifi."

"Kwa nini maboya yalibaki mtumbwini?"

Mama Brashi akafuta maji usoni. "Ni ya rangi ya machungwa."

Hapo inabidi kueleza, maana mtu mwingine angedhani huyu mama hana akili. Alikuwa nazo, tena za kutosha. Alikuwa mchoraji wa wanyama na ndege, mtu ambaye picha zake zilitundikwa kwenye zahanati, shule na ofisi za wilaya, na aliyesimama kwenye mikutano yote ya halmashauri kuwazuia watu wasiyakaushe mafunjo yale. Alichora ndani ya gereji ya nyumba yake, gari likilala nje, mtoto wake wa mwisho akitambaa chini ya meza akitafuta kitu cha kula. Mtoto huyo aliitwa Kibonge, alikuwa bado ananyonya, na kwake hakuna kilichomshinda, hata kifutio.

Lakini Mama Brashi alikuwa na sheria zake. Ndege aliye kwenye mayai asishtuliwe. Kibanda cha kujifichia alikishona mwenyewe kwa turubai, akakipaka rangi majuma kwa majuma, jani kwa jani, kivuli kwa kivuli, mpaka siku moja mumewe alipotoka kwenda kuanika nguo akakigonga kwa kichwa uani kwake mwenyewe. Aliyeandamana naye alivaa ovaroli la rangi ya matope. Simu zilibaki garini kwa sababu simu hulia. Jaketi la waridi la Mwalimu Breki lilibaki garini kwa sababu, kama alivyoambiwa, "hilo halivaliwi, hilo linapiga kengele." Na maboya ya machungwa yalibaki mtumbwini.

Mwalimu Breki alikuja kwa sababu kaka yake alikataa mkewe aende peke yake. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha magari, na alikuwa likizoni. Kaka mtu alibaki na Kibonge. Walitegemea kurudi kabla ya chakula cha mchana.

"Lete huo mguu," Mama Brashi akasema.

Walirudi kibandani wakitambaa. Jeraha halikuwa refu ila lilikuwa la kina, na ndani yake kulikuwa na kipande cha tete. Mama Brashi akakitoa kwa kibanio chake cha kushikia karatasi, akaosha kwa maji safi ya chupa, akafunga kwa kitambaa cha kufutia brashi kilichokuwa bado hakijatumika.

"Kina rangi hicho?"

"Kipya."

"Niapie."

"Wifi, tulia. Ukioza mguu nitakaa na kaka yako namna gani?"

Mwalimu Breki akacheka licha ya maumivu, kisha wote wakakumbuka kuna mwenyeji. Wakachungulia.

Korongo taji alikuwa palepale, umbali wa kurusha kandambili, amelala juu ya mayai yake. Taji lake la dhahabu lilikuwa limelowa na kulala upande kama nywele za mtu aliyenyeshewa akienda harusini. Hakuwa amesogea. Alilitazama ziwa likimpita kushoto na kulia, na sura yake ilisema kwamba yote haya ameyaona na hayampendezi.

Dhoruba ilipita. Jua likatoka kali, maji yakatulia, na pande zote hapakuonekana kitu ila mstari mwembamba wa mbali ambao ungeweza kuwa nchi kavu au wingu.

"Maji ya kunywa?" Mwalimu Breki akauliza.

"Chupa moja. Ikiisha tutachota ziwani. Si hapa kwenye uozo, ukingoni kule upepo unakotoka. Tutayachuja kwa kitambaa."

"Tutaumwa tumbo."

"Tutaumwa tumbo tukiwa hai."

"Chakula?"

Palikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha. Mwalimu Breki akachukua yai, akaligonga gotini na kuanza kulimenya. Mama Brashi akamshika mkono.

"Geukia huko."

"Kwa nini?"

"Asikuone."

Mwalimu Breki akamtazama korongo. Korongo akamtazama yeye. Mwalimu Breki akageuka, akala yai lake amempa mgongo kwa heshima zote, kama mtu anayekula mchana mbele ya mfungaji.

Walisikia injini jua likiwa limeanza kuinama. Boti ilikuwa inakuja moja kwa moja, boti ya mlinzi wa ziwa, na mbele yake amesimama mwanamume ambaye Mama Brashi angemtambua hata kwa kivuli chake.

"Kaka!" Mwalimu Breki akapiga kelele. "Kakaaa!"

Wakatoka nje wakirukaruka, wakipunga mikono, wakizama magotini na kuinuka. Injini ilikuwa inanguruma. Yule mume akageuza uso upande wao. Akawatazama. Walimwona kabisa akikinga macho kwa kiganja, akiwatazama wao wenyewe, ovaroli zao za matope, nyuso zao za matope na kibanda chao kizuri nyuma yao. Kisha akamwonyesha mlinzi upande mwingine, na boti ikapinda na kwenda.

Walibaki wamesimama mikono juu mpaka mngurumo ulipokwisha.

"Ametuona," Mama Brashi akasema polepole.

"Ameona majani!" Mwalimu Breki akafoka. "Umetuficha, wifi! Umetuficha vizuri mpaka umetupoteza! Nimefundisha watu miaka yote hii: gari lisiloonekana ndilo linalogongwa. Na wewe umetuvika matope, umetutia ndani ya majani, ukatunyang'anya simu, ukaninyang'anya na jaketi langu!"

Mama Brashi akayatazama matope ya ovaroli lake. Alikaa chini, na alipokaa ndipo akahisi kifua. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka kifua kimekuwa kigumu kama jiwe, na ovaroli limelowa mbele sehemu mbili. Saa hizi Kibonge angekuwa amekwisha kunyonya na kulala. Saa hizi alikuwa anamlilia baba yake, na baba yake alikuwa ziwani anatazama majani, basi alikuwa anamlilia bibi yake.

Akageuka pembeni, akayakamua kwenye kikombe cha kuoshea brashi, uso umekunjamana kwa maumivu. Mwalimu Breki akamtazama, hasira ikampungua.

"Kinauma sana?"

"Kama jino." Akainua kikombe. "Tuna maziwa basi. Hatufi njaa."

"Mimi ni wifi yako, si mwanao. Mwaga huko."

Jua lilipozama walikuwa wanacheka, lakini si sana. Usiku walilala wamegandana kwa baridi, zamu kwa zamu, na kila wimbi kubwa lilipopita waliusikia ukingo mahali fulani ukikatika taratibu.

Kulipokucha kisiwa kilichokuwa na upana wa darasa kilikuwa na upana wa chumba cha kulala. Ukikanyaga kwa nguvu, maji yalipanda kati ya vidole. Kiboko mmoja alijitokeza karibu, akapiga chafya, akakikagua kisiwa kama fundi anayekagua jengo bovu, akazama tena.

"Hata huyu hataki kupanda," Mwalimu Breki akasema.

Ndipo aliposikika korongo wa pili. Alitokea mbali, shingo ameinyoosha mbele na miguu nyuma, akalia ile honi yao ya huzuni, akashuka moja kwa moja kwenye kiota. Yule wa kwanza akasimama, akajinyoosha, akamwachia mayai na kuruka kwenda alikotoka mwenzake.

"Wanabadilishana zamu," Mama Brashi akanong'ona. Alikuwa amengoja kuona jambo hilo kwa karibu kwa miezi. "Dume anakuja kulalia, jike anakwenda kula. Wifi, umeona? Anakwenda kula!"

"Nimeona. Na mimi ningependa."

"Korongo hali samaki wa kilindini. Anakula panzi na mbegu, nchi kavu. Nchi kavu iko kule anakokwenda." Akanyoosha mkono. "Boti nayo itatokea kule."

"Itokee, halafu ituone kwa lipi?"

Mama Brashi akageuka. Akaingia kibandani, akatoka na sanduku lake la rangi, akalifungua juu ya magoti. Kahawia za kila namna. Kijani kumi. Kijivu. Tyubu kubwa ya nyeupe, mpya. Njano. Na tyubu moja ndogo ya nyekundu, aliyoinunua kwa ajili ya shavu la korongo na kile kinofu kinachoning'inia kooni, tone kwa tone, maana kwa maoni yake nyekundu ikizidi tone moja picha inakuwa tangazo la sabuni.

"Tunapaka turubai," akasema.

"Sasa umesema!"

"Lakini tukiking'oa kibanda atatuona kutwa nzima. Watu wawili, hatua chache kutoka kiotani. Akikimbia, jua hili litayapika yale mayai."

Mwalimu Breki akamshika mabega yote mawili. "Wifi. Hiki kisiwa kikiisha, yeye ana mabawa. Mayai hayana, na wewe huna. Kibonge atanyonya nini, picha yako?"

Ilisemwa kwa ukali na ilikuwa kweli. Mama Brashi alichomoa mti wa kwanza wa kibanda.

Walikishusha kibanda polepole, wamechutama, bila kumtazama ndege machoni. Korongo akasimama. Akafungua mabawa yote mawili, makubwa, meupe kwa katikati, akapiga mguu chini mara kadhaa kama mwenye nyumba aliyewakuta wapangaji wanang'oa mlango. Korongo akazunguka kiota, akatazama mbali, akawatazama tena. Kisha akakunja miguu yake mirefu, akayalalia mayai, akawapa mgongo.

"Amekasirika," Mwalimu Breki akanong'ona.

"Akasirike. Mradi amekaa."

Wakalitandaza turubai juu ya mafunjo. Majani yale aliyoyapaka majuma kwa majuma yalimeremeta kwenye jua la asubuhi, kila moja na mshipa wake. Yalikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mama Brashi akaikamua tyubu ya nyeupe yote katikati, akaanza kusambaza kwa viganja.

"Umbo gani?" akauliza. "Msalaba?"

"Msalaba wa nini, tumekufa? Pembetatu! Gari likiharibika unaweka nini barabarani? Pembetatu nyeupe, ukingo mwekundu. Kubwa!"

"Nyekundu haitoshi."

"Changanya na njano. Usibane, wifi! Unapaka kama unaweka chumvi!"

"Huo mstari wako umepinda."

"Mlinzi wa ziwa hatauliza kuhusu mstari!"

Walipaka kwa viganja, kwa viwiko, kwa soli za viatu. Rangi iliingia kwenye nywele, puani, kwenye kitambaa cha jeraha. Pembetatu ilitoka na tumbo upande mmoja, ukingo wake mwekundu huku, wa machungwa kule, na mahali pamoja wa waridi. Mama Brashi akasimama akaitazama, akasikia aibu kama ya mtu aliyetoka nje bila nguo.

"Hiki kitu sikisaini."

"Nitasaini mimi. Shika huko."

Wakalifunga turubai kwenye miti miwili ya kibanda, wakalisimamisha na kulishika, mmoja huku, mwingine kule, jua likiwachoma utosini. Mikono ilikufa ganzi, ikaamka, ikafa tena. Kipande cha kisiwa kikakatika nyuma yao na kuondoka bila kuaga. Mwalimu Breki alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo mwenyewe, lakini hakuuachia mti.

"Ukichoka sema," Mama Brashi akamwambia.

"Sijachoka. Tikisa. Kitu kinachotikisika kinaonekana zaidi."

Wakatikisa. Na injini ilipokuja mara hii haikupita. Ilisikika mbali, ikanyamaza kidogo, ikageuka, na mngurumo ukawa unakua, unakua, mpaka boti ikaonekana inakata maji kuwajia, na mume wa Mama Brashi amesimama mbele kabisa akipiga kelele ambazo hakuna aliyezielewa.

Aliruka kabla boti haijasimama, akazama kifuani, akatoka na majani kichwani. Akamkumbatia mkewe na rangi zake zote, kisha dada yake, kisha mkewe tena.

"Nilidhani gari limeharibika ziwani," akasema huku analia na kucheka. "Nikasema haiwezekani. Halafu nikasema, dada yangu yuko huko, inawezekana."

"Kibonge?"

"Yuko na mama ufukweni. Amekataa kikombe, amekataa kijiko, amemng'ata bibi yake. Pandeni haraka."

Mwalimu Breki alipakiwa wa kwanza kwa sababu ya mguu. Mama Brashi aliweka goti kwenye ukingo wa boti, akasita. Nyuma yake korongo alikuwa amejikunja juu ya mayai, na maji yalikuwa yamefika karibu kabisa na kiota.

"Twende," mumewe akasema kwa upole. "Mama Kibonge, mtoto ana njaa."

"Najua ana njaa! Mwili wangu wote unajua!" Machozi yakamtoka. Hakupanda na hakushuka.

Mlinzi wa ziwa akakuna kidevu. "Mayai tunaweza kuyachukua kwenye kofia."

"Halafu nani atayalalia, wewe?" Sauti ilitoka ndani ya boti. Mwalimu Breki, aliyekuwa amelazwa juu ya magunia, mguu juu, akajiinua. Tangu jana yeye ndiye aliyekuwa akisema watu kwanza, ndege baadaye. "Gari likizimika linafanywaje? Linasukumwa. Hii boti ina pua, hicho kisiwa kina mgongo. Weka pua mgongoni, gia ndogo, mafuta kidogo kidogo. Ukikanyaga kwa pupa nakushusha."

"Hii haina gia ndogo, mwalimu."

"Basi nenda kama inayo!"

Wakakisukuma. Mume na mke wakabaki juu ya kisiwa kukifunga kwa kamba pale kilipotaka kupasuka, Mwalimu Breki akitoa amri kutoka kwenye magunia: kushoto, taratibu, usigombane na wimbi. Korongo alisafiri mbele kabisa, shingo juu, taji limekauka na kusimama wima, kama mheshimiwa anayepelekwa kwenye ufunguzi wa daraja. Safari ilikuwa ndefu na mafuta yalibaki ya kunusa. Mwishowe kisiwa kikagusa ukuta wa mafunjo, kikaingia katikati ya wenzake, kikatulia. Hapo hapo, jike akarudi kutoka malishoni. Akatua, akamtazama mumewe, akaangalia mtaa mpya, akaingia zamu.

Mama Brashi hakuchora. Alitazama tu, mikono yote miwili imeshika kamba.

Ufukweni mama mkwe alikuwa amesimama na maji yamemfika vifundoni, Kibonge ubavuni, uso wa mtoto umevimba kwa kilio. Mama Brashi akashuka mbio, mikono mbele. Kibonge akamwona mtu mweupe usoni, mwekundu masikioni, nywele za machungwa, akapiga yowe na kujificha shingoni mwa bibi yake.

"Ni mama yako," bibi akasema, ingawa naye alichukua muda kuamini.

"Kibonge," Mama Brashi akaita. "Ni mimi, baba. Njoo."

Mtoto akainua jicho moja. Sura ilikuwa ya jini, lakini sauti aliijua, na harufu ya maziwa aliijua zaidi. Akafikiri. Akanyoosha mkono mmoja, akaurudisha, akanyoosha tena. Mama Brashi akakaa palepale kwenye mchanga, akafungua vifungo vya ovaroli. Kibonge akanyonya macho yake mawili yakiwa yamemkazia yule jini, tayari kukimbia, mpaka kope zikamzidi uzito.